Nguo za Rangi Katika Nyumba Zetu

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa ukoo, Ghala, Maskati)





Katibu aliponipigia simu akaniambia nizungumze juu ya mapambo ya nyumba, nilicheka. Nilidhani yanayostahili kusemwa mbele ya ukoo ni nasaba, elimu ya watoto na mfuko wetu wa kusaidiana. Lakini Katibu alinikumbusha kwamba kila baada ya mkutano wanawake, na siku hizi hata wanaume, huniuliza nimezipata wapi nguo za mapazia yangu, na nimezipangaje hata nyumba ikachangamka bila ya kugeuka duka la nguo. Basi leo nitayajibu maswali hayo kwa pamoja. Na kabla sijashuka hapa nitakiri kosa moja nililolitenda katika nyumba yangu, ambalo baadhi yenu mmelisikia nusu nusu. Ni haki yenu kulisikia zima.

Nyumba nyeupe ya Ghala

Wageni wetu mmekwisha kuuona mji huu. Nyumba za Maskati kwa nje ni nyeupe au za rangi ya mchanga. Ndivyo manispaa inavyotaka, na ndivyo jua linavyotaka pia. Hapa Ghala tuna milima ya mawe makavu upande mmoja, na upande wa pili tuna eneo la viwanda lenye gereji, karakana za maseremala na maghala ya bidhaa. Tulipohamia mwaka 2009, marehemu mama yangu alipolisikia jina la mtaa alituuliza kama amelea watoto ili wamweke ghalani. Alipoyaona maghala yenyewe alicheka zaidi, akasema Waarabu na Waswahili kumbe wameafikiana.

Nyumba tuliipamba kama walivyopamba wenzetu. Mapazia yalikuwa mazito, ya rangi ya maziwa na dhahabu. Makochi yalifuata rangi hiyo hiyo, na zulia likafuata makochi. Mama alitembezwa chumba kwa chumba, akasifu kila kitu kwa adabu, kisha akarudi kuketi akasema: "Nyumba nzuri, mwanangu. Lakini sijui ni ya nani."

Neno lile lilinikaa. Siku ya pili alifungua sanduku lake akanipa kanga mbili nishone pazia la dirisha la jikoni. Hapo ndipo nilipoanza, nami nilikuwa mtu mzima niliyezaa na kulea.

Nguo hizi zilivyotufikia

Naomba vijana wanivumilie kidogo, kwa sababu mtu hawezi kuchagua vizuri kitu asichokijua asili yake.

Kabla ya kanga, nguo ya watu wengi wa mwambao wetu ilikuwa merikani, yaani pamba isiyopaushwa iliyoletwa na marikebu kutoka Marekani, na kaniki, ambayo ni nguo iliyotiwa nili ikawa nyeusi ya buluu. Katika karne ya 19 wanawake wa pwani walianza kununua vitambaa vya rangi vya mkononi ambavyo havijakatwa kutoka katika gora lake, wakaviunga vitatu juu na vitatu chini, wakapata nguo moja pana. Vitambaa hivyo viliitwa leso, neno lililotokana na Kireno, na ndugu zetu wa Mombasa hadi leo husema leso pale sisi tunaposema kanga. Wafanyabiashara walipoona mtindo umeshika, waliagiza nguo nzima iliyokwisha kupigwa chapa. Jina la kanga wengi hulinasibisha na yule ndege mwenye madoa meupe.

Kuna jambo jingine ambalo katika nyumba zetu halisemwi mara nyingi. Kaniki ilikuwa nguo ya watumwa. Utumwa ulipofutwa kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897, wanawake wengi waliokuwa watumwa waliiacha, wakavaa nguo za rangi ili waonekane kuwa ni watu huru. Kanga tunayoipenda ilipata heshima yake kwa mikono ya wanawake hao, na miongoni mwao wamo waliofanya kazi katika mashamba ya mababu zetu. Anayetundika kanga ukutani kwake akijivunia ukoo, na alikumbuke hilo pia.

Maneno juu ya kanga yalikuja baadaye, mwanzoni mwa karne ya 20. Anayetajwa sana ni mfanyabiashara Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, ambaye duka lake lilianza mwaka 1887 na ambaye kanga zake zilijulikana kwa jina la Abdulla. Maandishi ya mwanzo yalikuwa kwa herufi za Kiarabu, kisha zikaja hizi za Kirumi. Kanga zenyewe zimepigwa chapa Uholanzi, Uingereza, India na Japani. Tanzania ikapata viwanda vyake, kama Urafiki cha Dar es Salaam kilichofunguliwa mwaka 1968 kwa msaada wa China. Siku hizi nyingi tunazozinunua, hata pale Darajani, zimetoka India.

Chumba ni kama kanga

Sasa nije kwenye maswali yenu. Swali ninaloulizwa zaidi ni hili: mtu atachanganyaje maua, mistari na madoa katika chumba kimoja bila ya kumuumiza mgeni kichwa?

Jibu langu nimelipata katika kanga yenyewe. Itandike chini uitazame. Ina pindo pande zote nne, na humo ndimo mchoro unapobanana. Ndani yake upo mji, ambao mara nyingi umetulia, pengine una pambo moja tu kubwa katikati, kama korosho au ua. Na chini ya mji, ndani ya kijisanduku chake, lipo jina. Aliyeichora alijua kwamba jicho lahitaji mahali pa kufanya kazi na mahali pa kupumzika.

Chumba ukikigawe vivyo hivyo. Mapazia, mito na vitambaa vya meza ni pindo zako. Hapo weka rangi nyingi utakavyo. Zulia na makochi ni mji wako; hapo acha nguo ya rangi moja, au yenye mchoro mdogo usioonekana kwa mbali. Wanaoanza hukosea kwa kufanya kinyume. Hununua kochi la maua makubwa, kisha kila watakacholeta kinapigana nalo, na kochi halibadilishwi kila Idi.

Ukitaka kuweka michoro mitatu pamoja, iwe na rangi moja inayopita katika yote. Uwe na mchoro mmoja mkubwa, mmoja mdogo, na wa tatu uwe mistari. Kwangu mimi nyekundu ya kisutu ndiyo inayounganisha: ipo katika mto wa kitenge, ipo katika mstari wa kikoi kilichotandikwa juu ya kochi, na ipo kidogo tu katika upindo wa pazia. Sikununua vyote siku moja. Nilitembea na kipande cha kisutu mkobani, na kila nilipoingia dukani Mutrah au Ruwi nilikitoa nikakilinganisha. Wauza nguo walikwisha kunijua.

Kisha tazama mwanga. Nguo ile ile haifanani Maskati na Toronto. Hapa kwetu jua ni kali na mwanga ni mweupe, na rangi za kiangavu zikizidi hugeuka kelele. Huwa natafuta nyekundu iliyoiva, buluu ya nili na kijani cha majani ya mwembe. Nyinyi mnaoishi kwenye majira ya baridi ambako jua huzama alasiri, msiogope manjano na rangi ya machungwa. Na kama chumba ni kidogo, kama vilivyo vyumba vingi vya London, kanga moja iliyotundikwa vizuri yatosha. Usiviziba vyote.

Kupima, kuosha na kushona

Hapa naomba wenye kalamu waandike.

Kanga moja ina upana wa kiasi cha sentimita 110 na urefu wa kiasi cha sentimita 150. Doti ni kanga mbili. Pazia lahitaji nguo ya upana wa dirisha mara moja na nusu hadi mara mbili, ili lipate mikunjo. Kwa hiyo dirisha la sentimita 150 lahitaji nguo ya sentimita 225 hadi 300. Ukizilaza kanga mbili za doti ubavu kwa ubavu unapata sentimita 300, na maneno yanasomeka, lakini urefu kwenda chini ni sentimita 110 tu, na hizo bado hujakunja pindo la juu. Hilo ni pazia la dirisha fupi, la jikoni au la chumba cha watoto. Ukizisimamisha utapata urefu wa 150, lakini utahitaji kanga tatu, na jina litasomeka kwa mtu aliyelala. Dirisha linalofika sakafuni usilitafutie kanga. Mtafutie kitenge, ambacho huuzwa kwa wari na hakina jina la kukatika.

Kila nguo ina kazi yake. Kanga ni pamba nyepesi. Ni nzuri kwa pazia, foronya, kitambaa cha meza na mfarishi, lakini haifai kufunikia kochi linalokaliwa kila siku, kwani itachanika kwenye mshono. Kitenge ni kizito zaidi kidogo, nacho mchoro wake hujirudia, jambo linalomrahisishia fundi. Asili ya mchoro ule ni batiki ya Java, ambayo viwanda vya Uholanzi viliiga kwa mashine. Kikoi hufumwa, mistari yake imo katika uzi wenyewe, kwa hiyo pande zote mbili ni sawa. Nakipenda kwa kutandika juu ya kochi na juu ya meza ndefu.

Kabla ya kununua, uliza kama ni pamba tupu. Ukiwa na shaka, chomoa uzi mmoja uende nao nyumbani, uuchome juu ya sinia kwa uangalifu. Pamba huungua kama karatasi, inatoa harufu ya karatasi na kuacha jivu laini. Uzi wenye plastiki huyeyuka ukawa punje ngumu.

Kabla ya kukata, osha. Nguo mpya ya pamba hurudi ikioshwa mara ya kwanza, na ukiishona kabla ya kurudi, pazia lako litapanda juu ya dirisha kama suruali ya mtoto aliyekua. Iloweke peke yake katika maji baridi uone kama inachuja. Ikichuja sana hata baada ya maji ya tatu, usiiunge na nguo nyeupe.

Na jua la hapa hula rangi. Mwezi wa Juni joto hupita nyuzi 40, na dirisha la magharibi halina huruma. Pazia la jikoni alilonipa mama lilipauka katika misimu miwili kwa sababu sikulitia bitana. Sasa kila pazia langu lina bitana nyeupe nyuma yake, na hubadilishana madirisha kila mwaka.

Usitundike usichokisoma

Nimefika kwenye jina la kanga, na hapa ndipo penye kazi kuliko pote.

Nguo nyingine za maua huuliza tu kama zinapendeza. Kanga husema, na ukiitundika ndani ya nyumba yako basi ni wewe uliyesema. Jamaa yetu mmoja, sitamtaja naye yumo humu ukumbini akijijua, alinunua kanga nzuri ya kijani akatengeneza pazia la dirisha linaloelekea kwa jirani. Jina lenyewe liliwataka wenye wivu wajinyonge. Jirani alikuwa mama wa Kilamu anayekisoma Kiswahili vizuri. Ilichukua sahani nyingi za halua kuyamaliza.

Kwa hiyo soma kwanza. Sebuleni weka majina ya kukaribisha, ya shukrani na ya dua. Mafumbo yaache sandukuni. Vyumba vya watoto vipe methali fupi. Mjukuu wangu anasoma Kiarabu na Kiingereza shuleni, na Kiswahili alikuwa akikisikia tu kwa masikio. Neno lake la kwanza la Kiswahili alilisoma juu ya pazia la chumba chake, herufi kwa herufi, akiwa kitandani na homa. Aliniita aniulize maana yake. Nadhani ninyi mlioko Copenhagen na Toronto mnaelewa kwa nini nalitaja hilo.

Sasa nilikiri kosa langu.

Mama alifariki mwaka 2011. Tulipogawana vitu vyake, kanga ziliangukia kwangu, kwa kuwa ndugu zangu walijua napenda kushona. Mwaka 2013 nilitaka kutengeneza matakia manne ya kukalia katika majlisi. Nilichagua kanga moja ya rangi ya machweo, nyekundu na manjano, iliyochakaa kidogo lakini yenye rangi tamu. Niliipima: ukiikata katikati kwa urefu na katikati kwa upana, unapata vipande vinne vya sentimita 75 kwa 55. Vilitosha kabisa. Nikampelekea fundi. Fundi hana lawama yoyote. Ni mtu wa Bara Hindi, Kiswahili hakijui, naye alikata pale nilipochora kwa chaki. Mimi ndiye niliyechora. Jina nililiona na maana yake naijua. SISI SOTE ABIRIA DEREVA NI MUNGU. Mstari wa chaki ulipita katikati yake, nami nikaona umekaa sawa.

Januari ya mwaka 2014 mama mdogo alikuja kutoka Unguja kwa harusi ya binti yangu. Mnamkumbuka alivyokuwa: mfupi, mwepesi, haketi mpaka amewasalimu wote. Aliingia majlisi, akavua viatu, nikamwonyesha takia la mahali pa heshima. Akasimama. Nilidhani ni magoti, nikamwita kijana alete kiti. Akasema, "Si magoti, mwanangu. Umenipa jina la Mungu nilikalie."

Nilitazama chini. Juu ya takia lile yalisomeka maneno DEREVA NI MUNGU. Miezi yote ile watu walikuwa wamelikalia, na mimi mwenyewe nilikuwa nimelikalia.

Aliinama akalinyanyua. Akaligeuza, akalitazama upindo wake, kisha akaenda kwa takia la pili lenye maneno SISI SOTE ABIRIA, akayaweka yote mawili pamoja ukutani, yeye akaketi juu ya zulia. Akauliza, "Nani kaikata?" Nikasema, "Mimi." Akavuta mkoba wake, akatoa kanga iliyokunjwa. Ilikuwa ile ile, ya rangi ya machweo, yenye jina lile lile.

Ndipo nilipoelezwa. Miaka ile ya mwanzo ya 1980 nguo zilikuwa adimu Tanzania nzima, na mtu akipata doti ameipata kwa bahati. Mama na mama mdogo waliinunua doti hiyo Darajani mwaka 1984, kila mmoja akatoa nusu ya bei. Mwaka 1985 mama alipoondoka kumfuata baba huku Maskati, waligawana, upande mmoja kwa kila mtu. Tangu siku hiyo, kila walipokutana katika harusi ya ukoo walizivaa pamoja, wakawa sare wawili. Walizivaa mara tatu. Mara zote hizo mimi nilikuwapo, nikawaona, nikawapiga picha. Sikuwahi kuuliza.

Na safari hii aliubeba upande wake kutoka Unguja akitaka mimi nivae upande wa mama, tusimame naye sare siku ya harusi.

Hapakuwa na cha kuvaa. Siku ya harusi mama mdogo alivaa nguo nyingine, nzuri kabisa, na kanga yake ilibaki mkobani. Kwa siku mbili hakuwa na maneno nami ila ya lazima. Sikumlaumu. Nilimwomba radhi, akasema amenisamehe, na wote wawili tulijua kwamba hilo halirudishi nguo.

Siku ya tatu baada ya harusi aliomba sindano na uzi. Tukaketi sote wawili, tukafumua matakia manne, tukaosha vipande, tukaviunga upya kwa mkono. Ilituchukua asubuhi mbili. Katika kushona ndipo aliponisimulia mambo ya mama ambayo sikuwahi kuyasikia: jinsi alivyoimba vibaya, jinsi alivyokuwa akimficha baba bei za nguo, na jinsi alivyolia usiku mzima kabla ya kupanda ndege, asubuhi akatoka kama mtu aendaye sokoni. Kama nisingeikata nguo ile, pengine nisingeyasikia. Sisemi hivyo kujitetea. Ningeweza kuyapata kwa kuuliza tu.

Mshono haukukaa sawa. Ulipokatwa umekula nguo, na herufi ya mwisho ya ABIRIA imebanana na ya mwanzo ya DEREVA. Haiwezi kuvaliwa tena. Tuliipitishia ufito wa mbao juu, tukaitundika ukutani majlisi, juu ya vichwa vya watu. Mama mdogo alirudi Unguja na upande wake.

Alifariki mwaka 2021, Mwenyezi Mungu amrehemu. Jana usiku binti yake alipofika kutoka uwanja wa ndege, kabla hajanywa maji alinikabidhi mfuko. Hizo mnazoziona ukutani nyuma ya meza kuu ndizo zenyewe. Ule upande wa kulia wenye mshono ni wa mama. Wa kushoto ulio mzima ni wa mdogo wake. Baada ya mkutano huu wa mama mdogo utarudi Unguja kwa binti yake, kwa sababu ni wake, na kwa sababu naye ana binti.

Ninaloliomba

Mheshimiwa Mwenyekiti, nina maombi matatu kwa ukoo.

La kwanza, asikate mtu nguo yoyote iliyotoka katika sanduku la mzee kabla ya kumwuliza mzee aliye hai. Nguo za kukata ziko tele madukani. Kwa bei ya mlo mmoja utapata doti mpya, uifanye mito mpaka uchoke.

La pili, kila nyumba itoe kanga, kikoi, kofia au kilemba kilicho nacho cha zamani, ikiandikie karatasi: kilikuwa cha nani, kilinunuliwa wapi, mwaka gani, kilivaliwa siku gani. Karatasi ikunjwe ndani ya nguo, na nakala yake apewe Katibu iingie katika kijitabu kijacho. Msiandike kwa kalamu juu ya nguo. Na nguo zenyewe zihifadhiwe mahali pakavu, zimefungwa katika shuka nyeupe ya pamba, zikunjuliwe kila baada ya miezi kadhaa zisikatike kwenye mikunjo.

La tatu ni kwa vijana. Mnazo simu zenye kurekodi. Leo, kabla ya chakula, kila mmoja wenu akamkalie bibi mmoja, amwombe amsomee majina ya kanga anazozikumbuka, na amweleze nani alimvalia nani, na kwa sababu gani. Mtacheka sana, na mengine huenda mkaambiwa mzime simu. Lakini ulizeni.

Wanaotaka vipimo vya mapazia watanikuta meza ya karibu na mlango, nina futi ya kupimia na vipande vya mfano. Waliouliza habari za bitana, ninayo majora mawili nyumbani, nitawakatia bure, kwani hiyo haina jina.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliotutangulia, awarudishe salama waliosafiri, na atukutanishe tena mwaka ujao.